Tupime Maji ya Visima Vyetu



Katika familia nyingi za parokia zetu, hasa vijijini na pembezoni mwa miji, maji ya nyumbani hutoka kisimani. Kuna visima vilivyochimbwa na babu zetu kwa sururu na jembe, vikajengewa mawe pembeni. Kuna visima vifupi vya pampu ya mkono. Na siku hizi kuna visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, vyenye pampu ya umeme wa jua na tangi juu ya mnara. Kisima ni mali ya heshima. Mwenye kisima hawafungii majirani mlango, na jina lake hutajwa kwa shukrani hata baada ya kufa kwake. Pengine ndiyo sababu ni vigumu kwa mtu kusimama mbele ya wenzake na kuuliza: "Je, maji haya yamewahi kupimwa?" Huonekana kana kwamba anamdharau aliyekichimba.

Sisi wauguzi hatuna budi kuuliza. Mama anapofika wodini amebeba mtoto anayehara, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi mahali pake, moja ya maswali yetu ya kwanza ni hili: "Maji ya kunywa mnachota wapi?" Na jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Sista, maji yetu ni safi kabisa. Yanang'aa, hayana harufu, na ni matamu."

Mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini jibu hilo halitoshi, na familia ifanye nini ili ijue kweli hali ya maji yake.

MACHO NA ULIMI HAVITOSHI

Mungu ametupa macho, pua na ulimi, navyo hutusaidia sana. Maji yenye tope, yenye harufu ya kuoza au yenye ladha ngeni yafaa kutiliwa shaka. Lakini kinyume chake si kweli. Maji yanayong'aa yanaweza kubeba maradhi, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu ni vidogo mno kuonekana kwa macho, na havibadilishi rangi wala ladha ya maji.

Tena ulimi hutupotosha kwa njia nyingine. Katika vijiji vingi watu huacha kisima kirefu kilichofunikwa vizuri kwa sababu maji yake yana chumvichumvi, au kwa sababu yana chuma nayo hufanya chai kuwa nyeusi na nguo nyeupe kuwa na madoa ya kutu. Kisha huenda kuchota katika kisima cha wazi kilicho bondeni, kwa kuwa maji yake ni matamu. Chumvi kidogo na kutu havipendezi, lakini kwa kawaida haviui. Kinyesi kilichoingia katika maji matamu huua.

Kosa hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1854, katika mji wa London huko Uingereza, kipindupindu kiliwaua zaidi ya watu 600 kwa majuma machache katika mtaa mmoja. Daktari John Snow aliwafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja ya kisima iliyokuwa barabara ya Broad Street. Maji ya pampu ile yalipendwa sana. Mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia mbali na mtaa huo alikuwa bado akiletewa maji hayo nyumbani kwa kuwa aliipenda ladha yake. Naye alikufa. Baadaye ilijulikana kwamba karibu kabisa na kisima, umbali usiofika mita 1, palikuwa na shimo la maji machafu lililovuja, na humo palikuwa pamemwagwa maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mchanga aliyekuwa akihara.

Nepi za mtoto mmoja na shimo lililo karibu mno na kisima. Hayo yanaweza kutokea katika ua wowote. Hapa kwetu Tanzania, kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, na hadi mwaka 2018 zaidi ya watu 30,000 walikuwa wameugua.

ADUI NI WA AINA MBILI

Kabla ya kuzungumzia vipimo, tuelewe jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Maji ya kisima yanaweza kudhuru kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Aina ya kwanza ni vijidudu. Hivi hutoka katika kinyesi cha watu na wanyama. Madhara yake huja upesi, kwa saa au siku chache: kuhara, kutapika, homa. Habari njema ni kwamba moto huviua. Maji yaliyochemka vizuri hayana vijidudu hai.

Aina ya pili ni madini na chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji. Nyingine hutoka katika miamba yenyewe, kama vile floridi. Nyingine husababishwa na shughuli zetu, kama naitreti inayotoka katika vyoo, samadi na mbolea za dukani. Madhara ya mengi kati ya haya huja polepole, kwa miaka. Na hapa tunaomba msomaji asikilize kwa makini: kuchemsha hakuyaondoi. Maji yakichemka, mvuke huondoka na madini hubaki sufuriani. Kwa hiyo ukichemsha kwa muda mrefu, unaongeza kiasi cha madini katika maji yaliyobaki.

Ndiyo maana haitoshi kusema, "Sisi huchemsha, basi tuko salama." Na haitoshi kusema, "Kisima chetu kilipimwa madini, basi tunywe bila kuchemsha." Kila adui ana kipimo chake na dawa yake.

HATUA YA KWANZA: KUKIKAGUA KISIMA

Kipimo hiki ni cha bure, na kila familia inaweza kukifanya leo jioni. Zunguka kisima chako ukijiuliza maswali haya:

1. Je, kuna choo cha shimo chini ya mita 30 kutoka kisimani?
2. Je, choo au zizi liko upande wa juu, na kisima kiko upande wa bondeni?
3. Je, kuna jalala, shimo la maji machafu au kinyesi cha mifugo karibu?
4. Je, kisima hakina mfuniko, au mfuniko wake una nafasi za kupitisha uchafu?
5. Je, ukuta wa ndani sehemu ya juu una nyufa ambazo maji ya juu yanaweza kupitia?
6. Je, sakafu ya saruji kuzunguka kisima haipo au imepasuka?
7. Je, maji yanayomwagika wakati wa kuchota yanatuama na kurudi kisimani?
8. Je, kila mtu huchota kwa ndoo na kamba yake?
9. Je, ndoo na kamba hulala chini kwenye udongo?
10. Je, kisima hakina uzio, hata mbuzi na kuku hufika mdomoni pake?

Kila jibu la "Ndiyo" ni mlango mmoja wa uchafu ulio wazi. Familia yenye majibu ya "Ndiyo" matano au sita isingoje maabara ndipo ianze kuchemsha maji. Ianze leo. Ukaguzi huu una faida moja ambayo hata maabara haina: maabara hukuambia kwamba maji yamechafuka, lakini ukaguzi hukuonyesha uchafu unaingilia wapi.

HATUA YA PILI: KUPIMA VIJIDUDU

Haiwezekani kutafuta kila kijidudu kimoja kimoja. Kwa hiyo wataalamu hutafuta bakteria mmoja aitwaye E. koli. Huyu huishi katika matumbo ya watu na wanyama wenye damu ya moto. Akionekana katika maji, ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika humo, na kilipofika kinyesi, maradhi pia yanaweza kufika. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa, yaani chini kidogo ya nusu ya glasi, asionekane E. koli hata mmoja.

Maabarani huchuja mililita 100 za maji katika karatasi maalumu yenye matundu madogo sana. Karatasi hiyo huwekwa juu ya chakula cha bakteria, kisha katika kasha lenye joto la nyuzi 44 kwa muda wa karibu saa 24. Bakteria waliokuwemo huzaana mpaka wanaonekana kama vidoa, na mtaalamu huvihesabu. Wapo maafisa wenye mkoba wa kufanyia kipimo hiki kijijini.

Kuna pia kipimo chepesi kilichoelezwa na wataalamu wa India mwaka 1982. Maji hutiwa katika chupa yenye dawa maalumu na kuachwa siku moja hadi mbili. Yakigeuka meusi, kuna dalili ya uchafu wa kinyesi. Kipimo hiki husaidia mahali palipo mbali na maabara, lakini si cha mwisho. Maji ya visima vingine yana harufu kama ya yai bovu kutokana na udongo wenyewe, nayo huweza kugeuza chupa kuwa nyeusi bila kinyesi kuwemo.

Majibu ya kweli hutegemea sana jinsi maji yalivyochotwa. Tafadhali fuata haya:

– Tumia chupa uliyopewa na maabara. Usitumie chupa ya soda wala ya dawa, hata kama umeiosha.
– Usiisuuze chupa hiyo. Kama kuna dawa kidogo ndani yake, imewekwa kwa makusudi.
– Nawa mikono kwa sabuni. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, na usikiweke kifuniko chini.
– Kama ni pampu, futa mdomo wake na upige pampu kwa dakika chache ndipo uchote. Kama ni kisima cha wazi, mwombe mtaalamu akuonyeshe namna ya kuteremsha chupa bila kugusa kuta.
– Usijaze chupa mpaka juu. Acha nafasi kidogo.
– Andika tarehe, saa na jina la kisima. Weka chupa ndani ya kasha lenye barafu, mbali na jua.
– Ifikishe maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite saa 24.

Chupa iliyokaa juani ndani ya basi kutwa nzima haitatoa majibu ya kuaminika. Bakteria watakuwa wamekufa au wamezaana, na fedha yako imepotea.

HATUA YA TATU: KUPIMA MADINI

Kwa kipimo hiki chupa ya plastiki iliyo safi, ya lita 1, inafaa, nayo husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale ya kisima kabla ya kujazwa. Haihitaji barafu kama ile ya vijidudu, ingawa ni vizuri kuiwahisha. Uliza maabara maelekezo yake. Mwambie mtaalamu unatoka wapi, kwa maana si kila mahali pana hatari ileile.

Floridi. Katika ukanda wa Bonde la Ufa, hasa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na pia Shinyanga, hili ndilo swali la kwanza la kuuliza. Floridi kidogo husaidia meno. Ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita 1 ya maji, na kandokando ya Mlima Meru vipo vyanzo vyenye floridi mara nyingi zaidi ya hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu utotoni hadi kufikia miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Tumewaona wasichana wanaoficha kicheko kwa kiganja. Kiwango kikiwa kikubwa na miaka ikiwa mingi, hata mifupa huathirika: miguu ya watoto hupinda, na mgongo wa mtu mzima hukakamaa. Meno yakishaharibika hayarudi. Kwa hiyo kumpima mtoto wakati meno ya kahawia yameshaota ni kuchelewa. Wa kupimwa mapema ni maji.

Naitreti. Isizidi miligramu 50 katika lita 1. Huwa hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Damu yake hushindwa kubeba hewa ya oksijeni ipasavyo. Katika ngozi yetu nyeusi dalili hii hujificha, kwa hiyo tazama midomo, ulimi na kucha: zikiwa na rangi ya samawati, mkimbize hospitali mara moja. Naitreti ikiwa nyingi pia hutuambia kwamba huenda choo au zizi linavuja kuelekea kisimani.

Aseniki. Katika maeneo ya dhahabu karibu na Ziwa Victoria, upande wa Geita, watafiti wameikuta katika baadhi ya vyanzo vya maji. Kipimo chake cha juu ni miligramu 0.01 tu katika lita 1. Haina rangi wala ladha. Wanaoishi huko waitaje wanapopeleka maji kupimwa.

Mahali pa kupimia ni wapi? Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika miji mbalimbali, kama vile Arusha, Mwanza, Dodoma na Mbeya. Vijijini, ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi mwaka 2019, ipo wilayani na inaweza kukuelekeza. Afisa Afya, ambaye wengi wetu tungali tunamwita Bwana Afya, ni mtu mwingine wa kumwendea. Uliza gharama kabla ya kuchota maji, na omba majibu kwa maandishi.

KUYASOMA MAJIBU

Kwa E. koli katika mililita 100, tunaweza kuyaelewa majibu hivi:

Sifuri: maji ni salama siku hiyo kwa upande wa vijidudu.
1 hadi 10: hatari ni ndogo, lakini ipo. Tibu maji ya kunywa.
11 hadi 100: hatari ni ya kati. Tibu maji yote ya kunywa na kutengeneza kisima.
Zaidi ya 100: hatari ni kubwa. Msinywe bila kuyatibu hata mara moja.

Tumesema "siku hiyo" kwa makusudi. Sifuri ya mwezi Februari si sifuri ya mwezi Aprili. Mvua za kwanza za masika huosha vinyesi vyote vilivyokauka juani na kuviteremsha visimani, na vyoo vya shimo hujaa maji. Kwa hiyo ni vema kupima vijidudu angalau mara mbili kwa mwaka: mara moja wakati wa kiangazi na mara moja baada ya mvua kuanza. Madini hayabadiliki upesi hivyo. Yapimwe kisima kinapochimbwa, kisha tena baada ya miaka michache, au maji yakibadilika ladha au rangi.

YA KUFANYA BAADA YA MAJIBU

Kama tatizo ni vijidudu. Nyumbani, chemsha maji ya kunywa. Yakiwa na tope, yaache yatuame kwanza kisha yachuje kwa kitambaa safi. Yakishachemka na kutoa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha. Kwa wanaoishi milimani, juu ya mita 2,000, ziwe dakika 3. Hakuna haja ya kumaliza kuni kwa kuyachemsha nusu saa. Penye shida ya kuni, tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maandishi ya pakiti, au jaza maji yaliyo maangavu katika chupa safi za plastiki zinazopenya mwanga, zisizozidi lita 2, uzilaze juani kwa saa 6. Siku za mawingu mengi, ziache siku mbili mfululizo.

Kisimani, ziba ule mlango ulioonekana katika ukaguzi: jenga sakafu, weka mfuniko, chimba mfereji wa kutolea maji, weka ndoo moja ya wote inayoning'inia. Baada ya hapo kisima kisafishwe na kutiwa klorini chini ya usimamizi wa Afisa Afya. Yeye atataka kujua kisima kina maji kiasi gani. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2, kwa mfano, kina lita karibu 1,570. Kisha pima tena.

Tunatoa onyo moja hapa. Mtu asiingie kisimani peke yake, na pampu au jenereta ya petroli isiteremshwe kamwe ndani ya kisima. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mara nyingi anayeingia kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye.

Kama tatizo ni floridi au naitreti. Usihangaike kuchemsha kwa ajili hiyo. Tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, na maji ya kisima yatumike kufulia, kuogea na kusafishia nyumba. Maji ya mvua kwa kawaida yana floridi kidogo sana. Bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kukupa lita 400 hivi. Familia ya watu 6, tukikadiria lita 5 kwa kila mtu kwa kunywa na kupikia, inahitaji lita 30 kwa siku. Tangi la lita 5,000 litawafikisha karibu miezi mitano na nusu. Maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yamwagike, na yanayobaki yachemshwe kabla ya kunywewa.

Ipo pia njia ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Wizara ya Maji cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Mkaa huo hutengenezwa kitaalamu, nao huchoka, kwa hiyo hubadilishwa na maji hupimwa tena. Kuchoma mifupa ovyo nyumbani hakufai. Na akina mama wa kaskazini wanaolainishia maharage na makande kwa magadi wajue kwamba magadi nayo yana floridi.

Kwa watoto wachanga kuna kinga moja isiyo na gharama: maziwa ya mama. Hata mama akinywa maji yenye floridi nyingi, ni kidogo sana inayopita katika maziwa yake. Mtoto anayenyonya tu kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata tone la maji, anaepushwa na floridi, naitreti na vijidudu vya kisimani kwa pamoja.

MAJI HAYAISHII KISIMANI

Mara kwa mara hutokea kwamba maji ya kisima yana sifuri, lakini maji ya mtungini yana mamia ya bakteria. Yalichafukia njiani au nyumbani: ndoo isiyofunikwa, majani yaliyowekwa juu ili maji yasimwagike, kikombe kilichochovywa na mkono wa mtoto aliyetoka chooni. Kwa hiyo tunashauri zichukuliwe chupa mbili siku ileile, moja ya kisimani na moja ya mtungini. Zikilinganishwa, mtajua kama kazi iko kisimani au jikoni.

Hifadhi maji ya kunywa katika dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye mfuniko na koki. Kama ni mtungi, tumia kata yenye mpini mrefu, na itundikwe ukutani.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Babu zetu walikunywa maji haya wakazeeka. Sisi tuna nini?"
Ni kweli wapo waliozeeka. Lakini muulizeni bibi alizaa watoto wangapi, na wangapi walikufa kwa kuhara kabla ya kutembea. Hao hawapo kutusimulia. Tena wakati wa babu palikuwa na nyumba tatu bondeni. Leo zipo thelathini, na kila moja ina choo chake.

"Chura wanaishi kisimani mwetu na hawafi. Si dalili kwamba maji ni salama?"
Hapana. Vijidudu vinavyomuua mwanadamu havimdhuru chura. Chura huyo anatuonyesha tu kwamba kisima hakijafunikwa.

"Kisima chetu ni cha mashine, kina mita 80. Kuna haja ya kupima?"
Ipo. Kwa kawaida kisima kirefu kina vijidudu vichache, lakini maji yaliyokaa ndani ya miamba yanaweza kuwa na floridi nyingi kuliko ya kisima kifupi. Kipime madini kabla watoto hawajaanza kukitumia.

"Mtoto ameanza kuhara na majibu ya maji hayajatoka. Tufanyeje?"
Msingoje majibu. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), pakiti moja katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na endeleeni kumnyonyesha na kumlisha. Zahanati itawapa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akilegea, akishindwa kunywa, akitoa damu, au akihara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele, mleteni hospitali upesi, hata kama ni usiku.

TUANZIE WAPI?

Kipimo kimoja kinaweza kuwa ghali kwa mtu mmoja, lakini kisima kimoja hutumiwa na nyumba nyingi. Katika mkutano ujao wa Jumuiya, zungumzeni mambo matatu: nani atakagua visima vyetu kwa maswali yale kumi, nani atakwenda kuuliza gharama za maabara, na kila nyumba itachangia kiasi gani. Mteueni mtu wa kutunza majibu katika daftari, pamoja na tarehe zake.

Na majibu yakija mabaya, asilaumiwe mwenye kisima, wala wake zetu na binti zetu wanaochota wasisemwe. Maji yaliyochafuka chini ya ardhi hayana mkosaji mmoja. Kisima kinachopimwa kikakutwa na kasoro, kikatengenezwa, kinampa heshima aliyekichimba kuliko kile kinachosifiwa huku kikiwalaza watoto wodini.

Tahadhari kabla ya hatari. Masika hayako mbali. Kagueni visima vyenu mapema, kabla mvua haijavikagua yenyewe.